Hana ndugu, ila ana kaka wawili: namna ya kumfundisha Mchina neno cousin

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiingereza jioni hapa Dar es Salaam, na wanafunzi wangu wengi ni Wachina wa kampuni za ujenzi na maduka ya jumla ya Kariakoo. Juzi tulikuwa kwenye somo la familia. Binti mmoja akasema "I have two brothers and one sister". Baadaye kidogo akasema yeye ni mtoto pekee kwa wazazi wake. Nilipombana akacheka, akatafuta kwenye simu, akasema "cousin". Wenzake wakaanza kubishana ni neno lipi la Kichina linalolingana nalo, na mimi nikashindwa kuwaamulia. Naomba unieleze neno hilo lina maana gani hasa, limetoka wapi, linatumikaje, na nimfundisheje Mchina. Pia, "cousin brother" tunayosema sisi ni kosa?

Jibu: Marahaba. Kwanza, huyo binti hakudanganya. Sentensi zake zote mbili ni za kweli kwa Kichina. Zimegongana baada ya kuingia kwenye Kiingereza.

Nyumbani kwao, mtoto wa kaka wa baba anaitwa gēge akiwa mvulana mkubwa kwako, au mèimei akiwa msichana mdogo kwako. Hayo ni maneno yaleyale ya kaka na dada wa tumbo moja. Wewe mwenyewe unamwita mtoto wa baba yako mkubwa kaka, wala hujioni muongo. Kizazi cha mwanafunzi wako kina sababu ya ziada pia. Kuanzia 1980 serikali ya China ilizitaka familia zizae mtoto mmoja, na sera hiyo ikadumu hadi mwisho wa 2015. Haikuwa na makali sawa kila mahali: vijijini, sehemu nyingi ziliruhusu mtoto wa pili kama wa kwanza ni msichana, na makabila madogo yalikuwa na masharti yao. Lakini kwa mtoto wa mjini aliyezaliwa miaka ya 1990, kaka na dada wa kugombana nao na kugawana nao peremende za Mwaka Mpya walikuwa watoto wa ndugu za wazazi wake. Ukimuuliza ana ndugu wangapi, hao ndio anaowahesabu.

Sasa wale waliobishana. Wote walikuwa sahihi, na hapo ndipo penye kazi. Kichina hakina neno moja la cousin. Kina manane, na hayo ni ya msingi tu: tánggē, tángdì, tángjiě, tángmèi, biǎogē, biǎodì, biǎojiě, biǎomèi. Ukiyakata katikati utaona mpangilio wake. Sehemu ya pili inataja jinsia na umri: gē ni mwanaume aliyekuzidi umri, dì ni mwanaume mdogo kwako, jiě ni mwanamke aliyekuzidi, mèi ni mwanamke mdogo kwako. Sehemu ya kwanza inataja njia ya undugu. Táng maana yake ya asili ni ukumbi, na hapa unakusudiwa ukumbi mkuu wa nyumba, mahali pa kuheshimu mababu. Biǎo ni nje. Watoto wa kaka wa baba yako ni wa ukumbini pamoja nawe. Wengine wote, yaani watoto wa dada wa baba, wa kaka wa mama na wa dada wa mama, ni wa nje.

Sikiliza hapo kwa makini, maana walimu wengi hupita haraka. Mgawanyo huo si wa upande wa baba na upande wa mama. Shangazi ni wa upande wa baba, lakini watoto wake ni biǎo, kwa kuwa wamezaliwa katika ukoo wa mume wake na wanabeba jina la huko. Kipimo ni jina la ukoo. Kwa hiyo mwanafunzi akikuambia tánggē ni "cousin on my father's side", msahihishe taratibu: maneno hayo ya Kiingereza yanawajumuisha watoto wa shangazi pia. Akitaka usahihi wote, aseme "my father's brother's son", na akiona ni refu mno, aridhike na cousin.

Zamani tofauti hii haikuwa ya kuitana tu. Katika kanuni za kale za maombolezo za Kikonfusio, zilizopanga jamaa katika madaraja matano, mtoto wa baba mkubwa au mdogo aliombolezewa miezi 9, na wa shangazi, mjomba au mama mdogo miezi 3. Kamusi kongwe ya Kichina, Erya, iliyokusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ina sura nzima ya majina ya jamaa. Kuna riwaya ya karne ya 18, Hongloumeng ya Cao Xueqin, ambamo kijana Baoyu anapendwa na binamu wawili. Daiyu ni mtoto wa shangazi yake, Baochai ni mtoto wa dada wa mama yake. Daiyu anapoona wivu, Baoyu anambembeleza kwa hoja ya undugu: wewe na mimi ni watoto wa kaka na dada, yeye na mimi ni watoto wa dada wawili, hivyo yeye yuko mbali kuliko wewe. Msomaji wa Kichina anaielewa hoja papo hapo. Kwa Kiingereza wasichana wote wawili ni cousins, na mtafsiri lazima ahangaike.

Hata mzaha wao unapita humo. Mwaka 2012 afisa mmoja wa mkoa wa Shaanxi alipigwa picha akitabasamu kwenye ajali mbaya ya basi, watu wakachunguza picha zake nyingine na kumkuta na saa za kifahari tofauti tofauti mkononi. Mtandaoni wakambatiza Biǎogē, maana herufi ya biǎo ya binamu ndiyo inayoandika pia saa ya mkononi. Mwaka uliofuata alifungwa kwa rushwa. Wasimulie wanafunzi wako kisa hicho wakiwa wamechoka, wataamka.

Kabla hatujavuka kwenda Uingereza, tujitazame sisi, maana una faida ambayo mwalimu Mwingereza hana. Kiswahili nacho kinakata undugu, ila kisu chetu kinapita mahali pengine. Kwa walio wengi Tanzania, watoto wa baba mkubwa na baba mdogo ni ndugu, na watoto wa mama mkubwa na mama mdogo ni ndugu vilevile. Mabinamu ni watoto wa mjomba na shangazi, wale ambao katika makabila mengi unaruhusiwa kuwatania. Sisi tunauliza: je, wazazi wetu waliozaliwa pamoja ni wa jinsia moja au tofauti? Mchina anauliza: tuko katika ukoo mmoja? Kwa hiyo mtoto wa dada wa mama yako ni ndugu kwako, lakini kwa Mchina ni biǎo, wa nje. Na mtoto wa baba mdogo ni ndugu kwako na ni wa ukumbini kwake, hapo mnakutana. Chora mti wa familia ubaoni, waambie wao waandike majina yao, wewe andika ya kwetu, halafu Kiingereza kiandikwe mwisho. Wataona wenyewe kuwa kila lugha inauliza swali lake na kuyaacha mengine. Ya Kiingereza ni machache sana.

Kwa nini machache? Hilo ndilo swali lako la asili ya neno, na jibu lake linaanzia Roma.

Kilatini cha kale kilikuwa karibu na Kichina kuliko Kiingereza cha leo. Watoto wa kaka wawili waliitana patrueles, kutokana na patruus, kaka wa baba. Watoto wa kaka na dada waliitwa amitini, kutokana na amita, shangazi. Watoto wa dada wawili ndio waliokuwa consobrini: con ni pamoja, na sobrinus limetokana na soror, dada. Yaani cousin kwa asili yake ni mtoto wa mama mkubwa au mama mdogo, mtu ambaye wewe na mimi hatumwiti binamu kabisa.

Neno hilo halikukaa kwenye kona yake. Mwanasheria Gaius, karne ya 2, baada ya kueleza aina zote tatu, anaongeza kwamba watu wa kawaida huwaita karibu wote consobrini. Kwa hiyo lilikwisha kupanuka kabla Kifaransa hakijazaliwa. Kifaransa cha kale kikalifupisha likawa cosin, likimtaja binamu wa upande wowote. Wanormandi, waliozungumza Kifaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lugha yao ikawa ya watawala, na kufikia karne ya 13 cosin lilikuwa limeingia kwenye maandishi ya Kiingereza.

Halikuja peke yake. Kiingereza cha kale kilikuwa na fædera kwa kaka wa baba na ēam kwa kaka wa mama, faðu kwa shangazi na mōdrige kwa dada wa mama. Yote manne yalifukuzwa na maneno mawili ya Kifaransa, uncle na aunt. Uncle limetokana na avunculus, aliyekuwa mjomba tu. Aunt limetokana na amita, aliyekuwa shangazi tu. Ukiwaambia Wachina kwamba Waingereza walikuwa na majina manne wakayaacha, watakuuliza waliyaachaje. Nadhani sehemu ya jibu iko kanisani. Kanisa la Magharibi lilikataza ndoa kati ya jamaa, na lilihesabu vizazi tu, bila kujali kama undugu unapitia kwa mwanaume au mwanamke. Marufuku hiyo ilifika daraja la saba hadi Mtaguso wa Nne wa Laterani, mkutano mkuu wa kanisa, mwaka 1215 ulipoishusha hadi la nne. Mtu aliyetaka kuoa Ulaya alihitaji kujua umbali wa undugu. Upande haukumsaidia wala kumdhuru. Nchini China ilikuwa kinyume: wa táng alikuwa mwiko, ilhali ndoa na biǎo ilikuwa jambo la kawaida sehemu nyingi, mpaka Sheria ya Ndoa ya 1980 ilipowakataza wote wawili.

Binamu letu nalo lilihama vivyo hivyo. Limetoka kwenye Kiarabu, ibn amm, mtoto wa kiume wa amu, na amu ni kaka wa baba. Yaani kwa asili yake binamu ndiye táng hasa. Pwani bado utawasikia wanaomwita kaka wa baba amu au ami, na kwao binamu haliko mbali na nyumbani kwake. Bara tumelichukua tukampa mtoto wa mjomba na shangazi, na mtoto wa amu tukambakiza kuwa kaka. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini Waingereza wamelitoa neno kwa watoto wa dada wawili na kulitandaza kwa wote, una jibu la nyumbani.

Kwa karne kadhaa cousin lilikuwa pana hata kuliko leo. Lilimaanisha jamaa yeyote asiye mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, mfalme Claudius anamwita Hamlet "my cousin", na Hamlet ni mtoto wa kaka yake. Wafalme wa Uingereza waliwaandikia madyuki na maeli wao, yaani makabaila wa vyeo vya juu, wakiwaita cousin hata pasipo na damu yoyote. Mwanafunzi anayesoma vitabu vya zamani lazima aambiwe hili, la sivyo atachora mti wa familia usio na mizizi.

Matumizi ya leo yamebana zaidi. Cousin peke yake, bila nyongeza, ni mtoto wa kaka au dada wa baba au mama yako. Hapo nakushauri kitu kimoja kabla ya vyote: usikubali wanafunzi waandike daftarini cousin sawa na neno moja la Kichina. Kamusi za kwenye simu huorodhesha yote manane kwa mkupuo, mwanafunzi huchukua la kwanza, na kuanzia siku hiyo cousin kwake ni mvulana mkubwa wa upande wa baba. Wafundishe kwa kile ambacho neno halisemi. Halisemi jinsia. Halisemi nani mkubwa. Halisemi upande. Mwingereza akisikia "my cousin is coming", hajui hata kama anayekuja ana ndevu, na wala hasumbuki.

Ukimya huo wa jinsia una mtego unaowanasa Wachina, na sisi pia. Kwa kuwa cousin halisemi jinsia, kazi hiyo inabebwa na he na she katika sentensi inayofuata. Sasa, Mchina anapozungumza, he na she ni neno moja, tā. Kwenye maandishi kuna herufi mbili, lakini ile ya kike ni changa: ilipigiwa debe na mwanaisimu na mshairi Liu Bannong, aliyeandika kuitetea mwaka 1920, na matamshi yalibaki yaleyale. Kiswahili kina yeye tu. Kwa hiyo mwanafunzi wako atasema "My cousin is a nurse, he lives with his husband", na wewe ukiwa umechoka unaweza usiligundue kosa. Kwa Kichina lisingewezekana, kwa sababu biǎojiě limeshasema kuwa ni mwanamke. Zoezi zuri ni kumpa neno la Kichina na kumdai sentensi mbili: ya kwanza iwe na cousin, ya pili ianze na he au she. Kila kilichopotea kwenye ya kwanza kiokolewe kwenye ya pili. Tángmèi inakuwa "I have a cousin in Chengdu. She's younger than me, and her father is my father's brother." Ni ndefu, na asiizoee. Aijue kwa siku inayohitajika, siku nyingine aseme cousin na kunyamaza. Wachina wengi wanaona kunyamaza huko kama utovu wa adabu, hasa kutomtaja mkubwa. Watulize. Msikilizaji hakuliuliza.

Kuhusu kuitana: biǎogē ni jina la kumwitia mtu. Mchina anaingia ndani, anamsalimu "Biǎogē!", na kumwita mkubwa wake kwa jina tupu ni kukosa heshima. Kwa Kiingereza cha leo humwiti mtu "Cousin!" mlangoni. Unamwita kwa jina lake, awe amekuzidi miaka 20. Uncle na Aunt bado hutangulia jina, cousin haitangulii tena, ingawa zamani ilikuwa kawaida na familia chache bado wanafanya hivyo. Mwanafunzi akikuuliza heshima iko wapi, mwambie iko kwenye namna ya kuongea, haimo kwenye jina.

Sasa cousin brother. Si ujinga, na usimruhusu mtu akucheke. Watu wa India, Pakistani, Nigeria na Afrika Mashariki wanasema hivyo kwa sababu moja: lugha zao za nyumbani zinamweka mtu huyo karibu na kaka, na cousin tupu linasikika baridi, kama la mtu wa mbali. Ukisema "cousin brother" Dodoma, Nairobi au Mumbai utaeleweka, na nisingekusahihisha barabarani. Lakini msahihishaji wa mtihani wa kimataifa atapiga mstari, na Mwingereza au Mmarekani atashangaa kidogo. Wachina wako wanajifunza kwa ajili ya mikataba, barua na mitihani, kwa hiyo wape cousin tupu. Kuna na hatari ya kweli kwenye karatasi. Fomu ya viza au ya bima ikiuliza siblings, inauliza waliozaliwa na mzazi wako mmoja au wote wawili. Mtoto wa baba mkubwa hahesabiwi hapo, hata kama mmelala kitanda kimoja miaka kumi. Mtu akijaza ndugu wawili fomu hii na sifuri fomu ile, afisa ataona watu wawili tofauti. Hilo lifundishe mapema kuliko mashairi yote ya familia, na usiwafundishe Wachina peke yao.

Kuna second cousin na once removed. Hapa Kiingereza, kilichokuwa bubu, ghafla kinakuwa mhasibu, na Waingereza wengi wenyewe wanachanganya. Tafuta babu au bibi mnayechangia. Mkichangia babu wa kawaida, baba wa baba au wa mama, ninyi ni first cousins. Mkichangia mzazi wa babu, second cousins. Ukipanda ngazi moja zaidi, third. Hiyo ni kwa walio wa kizazi kimoja. Kama kizazi hakilingani, hesabu kwa aliye karibu na babu huyo, halafu tofauti ya vizazi iseme kwa removed: moja ni once, mbili ni twice. Removed hapa haina maana ya kutengwa wala kufukuzwa, na mwanafunzi lazima atauliza. Binamu wa kwanza wa mama yako ni first cousin once removed kwako, na mtoto wa binamu yako wa kwanza naye ni first cousin once removed. Kiingereza hakijali yupi yuko juu na yupi yuko chini. Kwa Mchina jambo hilo halivumiliki: binamu wa kiume wa baba, aliye mdogo kwa baba, ni biǎoshū, wa kuheshimiwa kama baba mdogo; mtoto wa kiume wa binamu ni biǎozhí, wa kutumwa dukani. Kwa mazungumzo ya kawaida waache waseme cousin kwa wote wawili, au uncle kwa yule mzee. Waingereza wenyewe hufanya hivyo.

Mfano ninaoupenda ni wa Marais wa Marekani. Theodore Roosevelt na Franklin Roosevelt walikuwa fifth cousins. Eleanor, mke wa Franklin, alikuwa binti wa Elliott, mdogo wake Theodore, kwa hiyo kwa Franklin alikuwa fifth cousin once removed. Walioana mwaka 1905, na bibi harusi hakubadilisha jina la ukoo: alikuwa Roosevelt, akabaki Roosevelt. Kwa Wamarekani undugu ulikuwa mbali kiasi cha kuwa kichekesho cha harusini. Kwa sheria za China ya kale, tangu zama za nasaba ya Tang (si táng ya ukumbi), watu wa jina moja la ukoo hawakuruhusiwa kuoana, na ngazi sita zisingewaokoa. Waulize wanafunzi wako nani kati ya hawa wawili ni mwenye ukumbi. Wote wawili.

Kwa zoezi la kumalizia mada, usitumie familia za kubuni za vitabuni, tumia wafalme wa 1914. George wa Tano wa Uingereza alizaliwa 1865, Kaiza Wilhelm wa Pili wa Ujerumani 1859, na Nicholas wa Pili wa Urusi 1868. Mama wa Wilhelm alikuwa dada wa baba wa George. Mama wa George na mama wa Nicholas walikuwa dada wawili, Alexandra na Dagmar, mabinti wa mfalme wa Denmark, na Alexandra ndiye mkubwa. Uliza George anawaitaje wenzake. Kwa Kiingereza, wote ni my cousin. Kwa Kichina wote ni biǎo, lakini Wilhelm ni biǎogē na Nicholas ni biǎodì. Kwa Kiswahili, Wilhelm ni mtoto wa shangazi, basi ni binamu. Nicholas ni mtoto wa mama mdogo, basi ni ndugu, mdogo wake George. Na kwa Kilatini cha kabla ya watu wa kawaida hawajakilegeza, ni George na Nicholas peke yao wanaostahili kuitwa consobrini. Kisha wape swali gumu waende nalo nyumbani: Wilhelm na Nicholas, walioandikiana telegramu kwa Kiingereza wiki ile vita inalipuka, wakitia saini Willy na Nicky, walikuwa cousin kwa njia ipi? Njia ya karibu ni mke: Alexandra wa Nicholas alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria, sawa na Wilhelm. Kiingereza kinawafunika wote kwa neno lilelile. Wachina wako wataanza kutafuta jina la binamu wa mke, na usishangae wakikesha.

Matamshi nimeyaacha mwisho kwa kuwa kwako si tatizo sana. Herufi ou zisiwadanganye: zimebaki kutoka Kifaransa, na sauti yake inakaribia a fupi. Tatizo lao ni s ya katikati, inayotamkwa z. Herufi z ya pinyin, yaani Kichina kikiandikwa kwa herufi za Kirumi, si z yetu, ni kama ts, na Kichina sanifu hakina z inayonguruma kooni. Mwambie mwanafunzi aweke kidole kooni atamke s ndefu, halafu aiwashe sauti mpaka kidole kitetemeke. Wewe unayo tangu utotoni, kwenye zizi na zawadi. Kosa letu liko mwishoni, tunapoongeza irabu: ukitamka kazini, atadhani unamwambia binamu yuko ofisini. Ishia kwenye n, ulimi ubaki umegusa nyuma ya meno, pasiwe na i.